Ngamia wa Noor na Mayai ya Kasa

Kila nikikaa nanyi kwa chai mnaniuliza jambo lile lile, safari yangu ya pwani, na kila nikianza kujibu, mmoja anaitwa na mteja, mwingine anakumbuka swala, na mimi nabaki nimekwama Masalani na kikombe kimepoa. Basi nimeandika yote. Kiswahili changu ni cha lori na soko la mifugo, shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo wewe Mutiso fundi, ukiona kosa lishone mwenyewe kimyakimya. Nauli ilitoka wapi na kitambulisho nilionyesha wapi na wapi, hayo nayaruka. Safari si hayo.

Garissa mpaka Masalani

Dada yangu Halima anakaa Masalani. Alinipigia simu nikiwa na anjera mdomoni. Dada yangu hana salamu fupi. Huuliza mbuzi, huuliza mvua, huuliza goti langu la kulia na halafu la kushoto. Siku hiyo hakuuliza hata goti moja.

"Walaal, ndugu yangu," alisema, "Noor wanamfukuza pwani."

Noor ni mwanawe wa kwanza, mtu mzima, ana mke na ndevu. Ukame ulipotukaba alishuka na ngamia mpaka upande wa Kipini, kule Tana inakoingia baharini, na wazee wa kijiji kimoja wakamruhusu akae mpaka mvua. Hao ngamia ndio mali yote iliyobaki katika nyumba ile. Ng'ombe walikwisha, mbuzi waliobaki hata jina la kundi hawastahili. Ngamia wakirudishwa bara kabla ya majani kuota, watalala njiani mmoja mmoja, na Halima na wajukuu wake hawatakuwa tena watu wa maziwa. Watakuwa watu wa kungoja msaada.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Wanasema ngamia wake wamekalia mayai."

"Mayai ya nini?"

"Ya mnyama wao, mimi najuaje? Noor anasema hajaona yai hata moja. Na anasema hao watu, astaghfirullah, wanataka kufukua kaburi la mtoto. Amesimama hapo na fimbo, anawazuia."

Mayai na kaburi katika simu moja! Nikamwambia arudie. Akarudia, ikawa vile vile.

"Nenda wewe," alisema. "Wengine Mungu amewapa mali. Wewe amekupa mdomo."

Ni kweli na sioni haya. Kwetu watu wakigombana hatumtumi mwenye hasira wala mwenye bunduki, tunamtuma anayejua kukaa chini na kuongea mpaka wengine wachoke kukasirika. Nimeongea kesi za visima, za mahari, za ngamia kuvunja mguu wa mtu. Kesi ya mayai sikuwahi, lakini kesi ni kesi.

Nilipanda gari la Dubow, yule kijana wa pikapu anayepeleka mchele na sukari Masalani na kurudi na mbuzi. Dubow ni dereva mzuri ila ana ugonjwa mmoja: akiona mbuzi mzuri kando ya barabara lazima asimame. Kabla ya Bura tulisimama kwa beberu mwekundu. Tukashuka, akamshika mgongo, akamfungua meno, akamsifu mpaka mwenye mbuzi akakataa kumuuza, akisema kumbe ana mbuzi mzuri hivi. Bura tukasimama tena. Mimi sikulalamika. Nilikuwa natunga hotuba mbili kichwani: ya mayai, ambayo ni ya upole na kuomba radhi, na ya kaburi, ambayo ni ya moto.

"Yai la kufukuzia ngamia," nilimwambia Dubow, "haliwezi kuwa la kuku. Ni la mbuni."

"Mbuni pwani? Adeer, mbuni atafanya nini baharini? Anaosha miguu?"

"Mbona ngamia wako baharini?"

Hapo alikanyaga mafuta mpaka Masalani, hata mbuzi hakusimamia tena.

Halima alikuwa amekaanga nyirinyiri, zile nyama ndogondogo za kukaushwa zinazokaa ndani ya samli, akazitia ndani ya chombo kikubwa akakifunga kwa kitambaa. "Hii ya Noor," alisema. Akanipa kikopo kidogo. "Hii yako. Usichanganye." Alinisindikiza mpaka kwa gari na hakulia. Alisema tu, "Ukijua neno lolote, baya au zuri, piga."

Masalani mpaka Bodhei

Hapa nilipanda lori linaloteremsha vyuma vya ile barabara mpya inayojengwa. Njia ya pembeni ni vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya mswaki. Tulikwama nyuma ya lori lingine lililozama mchangani. Madereva wote wawili walikuwa wataalamu, kwa hivyo ilichukua muda mrefu sana, maana kila mmoja alitaka litoke kwa njia yake. Mwisho lilitolewa na abiria, tukisukuma, wao bado wanabishana.

Mbele, Bodhei, kuna kizuizi cha askari, maana katika msitu wa huko magari hupita kwa msafara. Tukaambiwa tungoje. Askari mmoja wa kike, mrefu, mwenye lafudhi ya Ukambani, akaja upande wangu.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Naenda kwa kesi."

"Kesi gani?"

"Ya mayai."

Akanitazama. "Mayai ya kuku?"

"Ya mbuni, nafikiri."

Akamgeukia mwenzake. "Wambua, njoo usikie huyu." Wambua akaja, na wa tatu, na nikasimulia kesi yangu mbele ya bunduki tatu. Wakacheka vizuri, wakanipa kiti. Katika kungoja kwangu kote duniani sijawahi kungoja nikiwa na heshima kama pale.

Penye kivuli kulikuwa na mzee mmoja Mboni, mtu wa msitu ule, anauza asali ndani ya chupa za soda. Alisikiliza yote bila kucheka. Tukala asali yake na nyirinyiri kutoka kikopo changu, na nasema wazi, vitu hivyo viwili vimeumbwa viliwe pamoja. Halafu akasema, "Si mbuni. Ni kasa."

"Kasa ni nani?"

"Kobe wa baharini. Mkubwa kama meza ya hoteli. Anatoka majini, anapanda mchangani, anachimba, anataga, anafukia, anarudi. Hatazami nyuma."

"Anawaacha watoto?"

"Anawaacha."

Nikafikiri mzee huyu anauza asali lakini anakunywa kitu kingine. Kobe kama meza! Nikamshukuru kwa adabu, na ile hotuba ya mayai nikaibadilisha kidogo, nikaondoa mbuni.

Witu, na samaki wa kwanza

Mimi ni mtu wa miaka sabini na kitu na samaki nilikuwa sijawahi kula. Si dini, dini imehalalisha. Ni mazoea tu. Kwetu mtu wa ngamia akisikia mwenzake anakula samaki, anauliza kama mifugo yake imekufa yote. Nilifika Witu na njaa ya kuona nyota mchana. Nikaingia hoteli, nikamwambia mama, niletee wali na nyama. Akaniletea wali wa nazi na kitu chenye macho kinanitazama kutoka kwa mchuzi.

"Mama, niliomba nyama."

"Nyama ya leo ni hiyo, baba. Ng'ombe hakuchinjwa."

"Ina miiba."

"Na mbuzi wako hana mifupa?"

Nikaanza kuizunguka ile sahani na kijiko. Mtu mmoja mezani, mpanda bodaboda aitwaye Kahindi, akaniona navyohangaika, akavuta sahani akaichambua ile nyama kwa vidole kama mama anavyomlisha mtoto, akanirudishia safi. Nikala. Sitasema zaidi, maana mnajua watu wa Garissa. Nitasema tu kwamba niliongeza sahani.

Kahindi ndiye aliyenipeleka mpaka kijijini. Mchanga, minazi, mchanga tena. Nilikuwa nimeshika chombo cha Noor kifuani kama mtoto mchanga na magoti yangu yakiulizana kwa nini. Njiani Kahindi akaniambia, "Kuna Msomali mmoja huko ufukweni ameleta mambo. Mkaidi! Akina mama wanataka kufanya kazi yao, yeye amesimama na rungu."

"Ni fimbo," nikasema. "Na ni mtoto wa dada yangu."

Pikipiki ikaenda polepole zaidi kuanzia hapo.

Ufukweni

Bahari niliiona. Sitawadanganya kwamba niliduwaa. Maji mengi nimeyaona Tana ikifurika na kuingia mpaka sokoni. Kilichonigusa ni kwamba maji yote yale hakuna anayeyanywa. Halafu nikaona ngamia wa Noor wamesimama ndani yake mpaka magotini, wametulia, upele waliotoka nao bara umekauka, ngozi inang'aa. Mimi najua ngamia. Hao walikuwa wanapona. Moyo ukaniuma zaidi, maana sasa niliona kitu kinachotaka kupotea.

Noor alikuwa amesimama juu kidogo, mahali maji hayafiki, na fimbo yake mabegani. Mbele yake palikuwa na kichuguu cha mchanga, kimezungushiwa vijiti na kamba, na nje ya vijiti yeye mwenyewe alikuwa amezungusha matawi ya mgunga, miiba mizuri minene, na juu ya kichuguu chenyewe amelaza matawi mengine mazito. Vile vile tunavyofanya kwetu, fisi asifukue maiti. Kibao kidogo kimesimama kichwani, kina namba.

"Abti," Noor alisema, yaani mjomba, akanibusu mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tazama mwenyewe. Kaburi la mtoto, dogo hivi. Tarehe ya kufa wameiandika. Nilipofika nilikuta limewekewa vijiti tu, mbwa wanazunguka. Nikalifunga vizuri, nikawahamisha ngamia wasilale karibu. Sasa hawa wanawake wanakuja na jembe! Wanasema fukua, fukua. Mimi Kiswahili changu ni kidogo lakini fukua naijua."

Basi nikaweka chombo chini, nikainua mikono, nikamsomea yule mtoto Fatiha. Nilisoma kwa sauti, pole pole, ili wale wanawake waliokaa ng'ambo ya miiba wasikie na waone haya. Nilipomaliza niligeuka na ile hotuba ya moto ikiwa tayari kooni.

Wanawake walikuwa kama wanane, na mbele yao mmoja mnene mwenye leso ya manjano, ndiye kiongozi wa kikundi chao, Bi Maimuna. Kando yake msichana mwenye kofia na ndoo, anaitwa Nekesa, aliyesomea viumbe wa bahari na anafanya kazi na akina mama hao.

"Babu," Bi Maimuna aliniuliza, "umekwisha kuomba?"

"Nimekwisha. Na sasa nataka kujua marehemu ni wa nani, na ni sheria gani inayowaruhusu kumtoa."

Wakatazamana.

"Marehemu yupi?"

"Huyu mtoto."

"Mtoto yupi, baba? Hapo hapana mtu. Hapo pana mayai."

Ile hotuba ya moto nikaimeza nzima. Mnanijua, hilo si jambo la kila siku.

"Mayai ya kasa," Nekesa akasema taratibu. "Vijiti tuliweka sisi, mzee, ili watu wasikanyage kiota. Na hiyo tarehe ni siku mama yao alipotaga."

Nikatazama kile kibao. Nikamtazama Noor. Nikatazama kibao tena. Mayai na kaburi, vitu vile viwili nilivyovibeba mbalimbali kutoka Garissa, vilikuwa kitu kimoja, na mimi nimetoka kukisomea Fatiha!

Mwanamke mmoja akaanza kucheka, amejifunika mdomo na leso. Halafu wa pili. Halafu wote. "Amelisomea yai!" "Na yule alivyolinda! Kumbe anakaa matanga!" Mmoja akaanguka mchangani kabisa. Mimi pia kicheko kilinifika mdomoni, lakini nikamwona Noor.

Nilipomweleza kwa Kisomali uso wake ulizimika. Aliishusha fimbo. Alikuwa amesimama pale juani siku baada ya siku, ametukanwa, amekula shida, kwa ajili ya mtoto wa watu asiyemjua, na sasa anachekwa.

"Abti, waambie waendelee," alisema. "Mimi nakusanya ngamia wangu. Naondoka leo."

"Utaondoka kwenda wapi?"

"Bara."

"Bara kuna nini?"

"Hakuna mtu wa kunicheka."

Hapo ndipo niliogopa, na katika safari nzima ni hapo tu. Watu wa kijiji walikuwa hawajamfukuza bado. Kicheko ndicho kingewaua ngamia wale. Nikamwacha, nikaenda nikakaa chini mbele ya Bi Maimuna, mchangani, jinsi tunavyokaa tukitaka neno.

"Dada yangu," nikasema, "kwetu kaburi dogo likionekana halina mtu, anayepita hulifunga na miiba. Haulizi ni la nani. Huyu alidhani mmemzika mtoto mkamwacha na vijiti."

Kicheko kikapungua. Bi Maimuna akamtazama Noor, akainua mkono, kiganja wazi. "Hebu nyamazeni," aliwaambia wenzake. "Mwanaume aliyepigwa na jua kulinda kaburi la mtoto si wake, mnamcheka? Mwanaisha, inuka. Mpe maji."

Mwanaisha, yule aliyekuwa ameanguka, akainuka na mchanga wake wote akapeleka kata ya maji. Noor akaitazama. Akanywa.

"Lakini babu, nisikudanganye," Bi Maimuna alisema kwa sauti ya chini. "Siku za kutoka zimepita. Watoto walikuwa watoke, na huyu amewawekea mzigo juu. Viota vingine mwaka huu mbwa wamekula. Hiki ndicho tulichokuwa tunakitegemea. Tukifungua tukakuta wamekufa wote, watu wangu siwazuii. Ngamia wataondoka."

"Ni haki," nikasema. Nini kingine ningesema? Lilikuwa neno safi.

Kiota

Tulingoja jua lipungue, maana Nekesa alisema mchanga wa mchana unawaunguza. Nikaswali Alasiri na Noor, halafu yeye mwenyewe akaondoa miiba, tawi moja moja. Hakukubali mtu amsaidie.

Katika kungoja Nekesa alinieleza mambo ya mnyama huyu na nitawapa machache tu. Anakula majani yanayoota chini ya bahari, kwa hivyo ni mfugo, ila hana mwenyewe. Chumvi anayokunywa inamtoka machoni, watu hudhani analia. Mchanga ukiwa moto mayai yanatoa majike, ukipoa yanatoa madume. Na jike akikua anazunguka bahari miaka mingi, halafu anarudi kutaga pande zile zile alizozaliwa.

"Anajuaje njia?" nikauliza.

"Tunajua kidogo tu, mzee. Mengine bado tunatafuta."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Bi Maimuna naye akaongeza bila kuulizwa, "Baba yangu alikuwa akiwachinja. Nyama tulikula, mafuta tulijipaka tukipata kifua. Sasa mimi ndiye nawalinda. Ulimwengu huu!" Akacheka peke yake. "Hata papa na nguru wameadimika. Tukisema kila kitu tutakula, wajukuu watakula nini, mchanga?"

Katika matawi ya mwisho kulikuwa na kasa wadogo waliokwisha kutoka wakakwama ndani ya miiba, wamekauka kama ngozi ya kiatu. Kila mmoja anaenea kiganjani. Noor aliwaokota mwenyewe, akawapanga kando mmoja mmoja. Nekesa akaangalia mchanga nje ya mahali miiba ilipokuwa.

"Bi Maimuna, njoo uone. Mbwa."

Nyayo za mbwa zilizunguka pande zote, mzunguko juu ya mzunguko, zikaishia kwenye miiba, hazikuvuka. Bi Maimuna aliziangalia, akasema "Ehe," basi.

Halafu Nekesa akapiga magoti akachimba kwa mikono. Jembe lile lililoleta vita vyote lilikuwa la kusukuma miiba tu! Alichimba, akatoa mchanga, akachimba. Akafika kwenye tawi moja zito lililokuwa limezama, akalivuta polepole. Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Mimi nilikuwa namtazama usoni, maana mkono sikuuona. Noor alikuwa amesimama ananipa mgongo, anatazama ngamia wake.

Nekesa akatulia.

"Kuna kinachonikwaruza," alisema.

Akatoa mkono. Kitoto kilikuwa cheusi, kimejaa mchanga, kinapiga mikono minne hewani kama mtu aliyechelewa. Akakiweka ndani ya ndoo. Akatoa kingine. Halafu viwili pamoja. Walikuwa wamejazana chini ya lile tawi, wamepandana, wanangoja mlango. Wengine walikuwa wamekufa, sisemi hapana, wale wa juu waliobanwa. Lakini ndoo ilianza kulia, kwaru kwaru kwaru, sauti ya kucha nyingi ndogo, na wanawake wakapiga vigelegele, na ngamia wakainua shingo wote mara moja kutazama ni harusi gani.

"Tuwapeleke majini haraka," nikasema.

"Hapana mzee. Tutawaweka hapa, watembee wenyewe."

"Ni mbali! Wachanga hivi?"

"Lazima watembee. Tunadhani ndivyo wanavyoujua ufuo wa kwao."

Wakawekwa chini. Jamani, vitu vile vilikimbia! Hakuna aliyewaonyesha bahari iko wapi. Kunguru wakaanza kushuka, na kaa wakatoka mashimoni mwao. Ndipo Noor akageuka. Aliruka mbele na fimbo, akawa anatembea nao upande kwa upande, anapiga mchanga mbele ya kaa, anawafokea kunguru kwa Kisomali, na katikati ya hayo anatoa ile sauti ya ulimi tunayowatolea ndama wa ngamia wakipelekwa kisimani mara ya kwanza. Kila aliyeanguka chali alimgeuza na ncha ya kidole. Alienda nao mpaka maji yakamfika kiunoni na kikoi kikaelea, yeye mtu wa bara asiyejua kuogelea.

Mwanaisha alikuwa analia waziwazi. Mimi ni mchanga tu uliniingia machoni.

Nikaona wakati wangu umefika. Nikakohoa, nikasimama mbele ya Bi Maimuna, nikaanza: "Bismillahi. Dada zangu, tangu zamani watu wa bara na watu wa pwani..."

"Keti, babu," alisema Bi Maimuna.

Nikakaa. Hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutunga, na bado ninayo yote, yeyote anayeihitaji aniambie.

Akamwita Noor. Alikuja anachuruzika maji, akasimama kama anayengoja hukumu, na kweli alikuwa anangoja.

"Wewe," Bi Maimuna alimwambia, kwa Kiswahili cha polepole, "miiba yako ni mizuri kuliko vijiti vyetu. Lakini umejenga nyumba haina mlango. Umenielewa? Mlango. Upande wa bahari."

"Mlango," Noor akasema.

"Na juu usiweke kitu. Hapo hapalali maiti."

"Juu hapana."

"Kesho Nekesa atakuonyesha viota vilivyobaki, uvifunge hivyo. Boma lako lihamie nyuma ya vilima vya mchanga. Ngamia wakitaka kuoga watapita pale penye mawe, kasa hawatagi pale. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi." Akainuka, akajipangusa mchanga. "Ngamia wabaki mpaka mvua."

Noor alinigeukia nimfasirie. Alikuwa ameelewa, nilimwona ameelewa, lakini alitaka alisikie neno hilo kwa lugha ya mama yake. Nikamwambia. Akakaa chini hapo hapo, kwenye shimo la kiota, akafungua chombo cha Halima akaanza kugawa nyirinyiri kwa wale wanawake kwa mkono uliojaa mchanga, nao wakala na mchanga wake.

Mimi nikapanda juu kidogo kutafuta mtandao. Halima alipokea kabla simu haijaita vizuri. Hakuuliza goti.

"Wanabaki?"

"Wanabaki," nikasema. "Mpaka mvua. Sasa sikiliza, dada, yale mayai kumbe..."

Lakini alikuwa hayupo. Alikuwa ameishusha simu bila kuikata. Nikamsikia akisema ndani, "Wanabaki." Mke wa Noor akasema, "Wanabaki?" na mtu mwingine, nafikiri jirani, akalipokea neno, wanabaki, halafu likatoka uani, wakalichukua watoto, likawa linakwenda mbali na simu, dogo zaidi na zaidi, wanabaki, wanabaki, mpaka langoni. Nilisimama juu ya mchanga na simu sikioni, nikalifuata mpaka sikulisikia tena.